Kumuaga Mtu Asiyeondoka

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mafinga

Shule zimefungwa. Walimu wa sekondari wote wamepanda basi. Wa Bukoba kaenda Bukoba, wa Moshi kaenda Moshi. Mzungu yupo! Asubuhi nimemkuta uani anafua mashuka huku anaimba pambio la Kihehe. Nikamuuliza kama amekosa tiketi. Akasema tiketi ya wapi.

Ya wapi! Ya kwao, Finland! Mtu ana kwao!

Nayaandika hapa kwa sababu nikiyasema kiwandani, tunakopasua mbao, Liberatus mwenzangu atanicheka mpaka msumeno uzimike. Huyu Mwalimu Kaarina anafundisha hisabati. Amepanga nyumba ya mbele ya Mama Vitus: vyumba viwili, sebule, jiko lenye bomba la maji ndani, sakafu ya mbao nilizozipiga randa kwa mikono yangu. Mimi nimepanga banda la uani. Mabanzi nje, mabanzi ndani, upepo katikati. Mke wangu Tupokigwe yuko kwa mama yake, Soweto, Mbeya. Alikuja mara moja tu. Kulipokucha akajifunga kanga, akasema atarudi siku nitakapopata nyumba ambayo ukipiga chafya jirani hakuitikii.

Mama Vitus ameniahidi, tena mbele ya mwinjilisti, kwa vile nilimtengenezea paa bure: Mwalimu akirudi kwao, nyumba ya mbele ni ya Asukile.

Kwa hiyo kati yangu na mke wangu kuna kitu kimoja tu, na kitu hicho kinafua mashuka. Mwalimu alikuja hapa kwa miaka miwili tu. Wakati huo mimi nilikuwa bado Rungwe nachuma chai! (Mimi mwenyewe nilikuja Mafinga kwa msimu mmoja wa mbao, lakini hilo ni jambo lingine.)

Lazima aondoke. Simchukii. Ananipa kahawa. Lakini lazima aondoke.

Jumatano, 11 Juni

Baridi ya kukata masikio. Nikaona hii ndiyo nafasi. Kila wiki huwa namletea Mwalimu mabanzi ya kuwasha jikoni kwake. Wiki hii sikuleta hata moja. Nilijua akitetemeka atawaza majumba ya kwao yenye joto ukutani, atalia, atafungasha.

Jana akasema hatimaye hali ya hewa imekuwa ya binadamu. Akaenda kutembea kwenye misonobari bila soksi. Akarudi na mashavu mekundu, akasema msitu wa Sao Hill unanuka kama kwa bibi yake. Halafu akaokota mawe, akayachoma kwa kuni zangu mimi, akayaingiza kwenye bafu letu la uani, akafunga mlango.

Leo nikatoka kazini nikaona moshi unatoka bafuni. Nikapiga yowe la moto. Nikamwaga ndoo nzima juu ya paa la bati. Majirani wakaja na majembe. Mlango ukafunguliwa, wakatoka Mwalimu na Mama Vitus, wamejifunga kanga, wamelowa kama vifaranga. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke! Kwao ndivyo wanavyooga. Mama Vitus akanifokea mbele ya watu kwamba magoti yake yamefunguka baada ya miaka yote hii, na mimi namletea maji ya baridi, nina roho gani?

Nimeagizwa mabanzi mara mbili ya kawaida. Na mawe ya mtoni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechoka kuzunguka. Nimemuuliza wazi: Mwalimu, kwa nini hurudi kwenu?

Akakaa kwenye kigoda, akamenya chungwa, akanipa nusu. Akasema alipomaliza miaka miwili yake alikuwa na wanafunzi wa kidato cha tatu. Wakamuuliza nani atawafikisha cha nne. Akabaki awamalizie. Walipomaliza, nyuma yao walikuwapo wengine katikati ya safari. Akasema kila akishika sanduku, kuna darasa liko katikati.

Nikamwambia shule yoyote duniani ina darasa liko katikati! Kwa hesabu hiyo atafia hapa. Akasema ndiyo, naye ameiona hiyo hesabu. Na anacheka!

Nikamuuliza habari za ndugu. Akasema ana dada, huja kumtembelea. Nikamuuliza na majirani wa kule. Akasema kule aliishi ghorofani, jirani mmoja alimjua kwa viatu tu, maana walikuwa wanaangalia chini kwenye lifti. Hapa akienda kununua nyanya asubuhi anarudi saa sita, kwa kusalimiana njiani. Anasema hivyo kama sifa! Mimi ndiyo maana siendi kununua nyanya.

Basi, nikaleta silaha kubwa. Nikampigia Tupokigwe, nikampa namba ya Mwalimu, nikamwambia amlilie. Aseme mimi ni mwanamke, mume wangu analala kwenye mabanzi, nihurumie. Mwanamke kwa mwanamke hawezi kukataa. Nikajibanza nyuma ya nyumba napasua kuni, nasikiliza.

Kilio sikusikia. Nilisikia “mwaghona”, salamu ya kwetu. Nani kamfundisha Kinyakyusa? Halafu kicheko. Halafu kicheko kingine, kirefu. Kuni zote zikaisha wao bado wanaongea.

Jioni Tupokigwe akanipigia. Akasema yule ni mtu kweli. Akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia kwamba jikoni kuna bomba.

Jumapili, 15 Juni

Kyala, Mungu wangu, nimepata! Limenijia kanisani, wakati wa matangazo.

Mtu akishaagwa hawezi kubaki. Hiyo ndiyo desturi yetu, na haina rufaa. Mchungaji wetu wa zamani aliagwa, akapewa blanketi na beberu, kesho yake uhamisho ukaahirishwa. Angebaki vipi? Watu wameshalia! Beberu ameshachukuliwa! Aliona haya, akaenda kukaa kwa shemeji yake Makambako mpaka alipopangiwa pengine.

Kwa hiyo Mwalimu aagwe tu. Kuondoka kutafuata kwenyewe.

Baada ya ibada nikamvuta Mama Vitus pembeni. Nikamwambia kwa siri kubwa kwamba Mwalimu anarudi kwao moja kwa moja mwisho wa mwezi, ila hapendi kuliliwa, asiambiwe kwamba tunajua. Nikamsihi asimwambie mtu yeyote. Akaapa.

Saa tisa mama wa kwaya akanisimamisha barabarani, akiwa na machozi, ananiuliza kama ni kweli.

Jumatano, 18 Juni

Kuna kamati! Nimewekwa mjumbe wa viti na turubai. Sherehe ni Jumamosi, uwanja wa kanisa. Mwalimu ameambiwa ni maombi ya kidato cha nne walioko kambini.

Mama Vitus analia kila akipita mlango wa mbele. Mwalimu akaniuliza kama magoti yamerudi kuuma. Nikasema ndiyo.

Leo nilikuwa kwenye madirisha ya nyumba ya mbele napima kwa kamba, maana Tupokigwe atataka mapazia. Mwalimu akatokea. Nikasema nakagua mchwa. Akanishukuru! Akaniletea kahawa.

Liberatus naye alikuwa anapita. Huyu ni Mhehe wa hapahapa, na ulimi wake ni mkali kuliko msumeno anaouendesha. Kiwandani akatangaza kwa wote: “Huyu Mnyakyusa kwenye kamati analia kuliko wafiwa, kumbe anapima madirisha ya marehemu!” Wakacheka mpaka msimamizi akaja. Acheke. Mwezi ujao nitampungia mkono nikiwa sebuleni.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa nimekalia ndoo. Kitanda kina kuku.

Nianze mwanzo. Watu walikuja. Sikujua Mafinga ina watu wengi hivyo. Wametoka Iringa, wametoka Makambako, dereva mmoja wa lori la mbao kasimamisha lori na magogo yake yote nje ya kanisa. Wote aliwafundisha. Kila mtu na kuku. Nilipokuwa napanga viti nikaona mwanamke anashuka bajaji na kiroba cha mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi. Tupokigwe! Siri imefika mpaka Mbeya, naye kaja kumuaga Mwalimu! Nikasema Asukile, mambo yametimia, mke kaja kabla ya ufunguo.

Akanisalimia, akaniambia nimekonda, akaenda kukaa mbele na wanawake.

Mwalimu akaingia na vitabu vyake vya maombi. Kwaya ikalipuka. Akashangaa, akakalishwa. Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Nesi mmoja akasema yake. Dereva akasema yake. Halafu nani asimame? Liberatus! Akasema alifeli kila mtihani aliotungiwa na Mwalimu, mitihani yote, hakubakiza. Lakini Mwalimu hakumfukuza. Alimtoa darasani, akampeleka msituni, wakapima miti wawili mpaka namba zikaacha kumtisha. Kisha akalia, Liberatus, mdomo wote ule ukatetemeka. Nikatazama pembeni. Lilikuwa vumbi machoni.

Kumbe tatizo ni kwamba hakuna aliyetaja safari. Wote walishikilia kulia tu. Mwinjilisti akaniita niseme neno kwa niaba ya wapangaji. Nikasimama, nikasema kifupi: Mwalimu, safari njema, usijali kuhusu nyumba.

Mwalimu akauliza: “Safari gani, Asukile?”

Mwinjilisti akaitazama kamati. Kamati ikamtazama Mama Vitus. Mama Vitus akanitazama mimi. Mimi nikatazama turubai, kama mjumbe wake.

Mwalimu akaelewa. Nilimwona anaelewa, taratibu, kama mtu anayefika mwisho wa hesabu. Akasimama. Sasa nikajua ataona haya, ataondoka, desturi ni desturi!

Akasema mama yake alipozikwa kule kwao, waliokuja walitosha benchi moja. Mwanamke mwema, amefundisha maisha yake yote, benchi moja. Akasema mara nyingi amejiuliza kama alikosea kubaki huku, na hakuwa na wa kumuuliza. Leo ameona msiba wake akiwa hai na uwanja umejaa, basi jibu kalipata. Halafu akawatazama kuku, wamefungwa miguu, wanapiga kelele. Akasema hata angetaka, mtu hapandi ndege na kuku.

Watu wakacheka, wakalia, wakapiga vigelegele. Nikapaza sauti kwamba aliyeagwa ameagwa, desturi yetu tunaijua! Mwinjilisti akasema kweli kabisa, na desturi yetu pia hairudishi kuku. Mtu akishapewa kuku wa kijiji kizima na akabaki, huyo si mgeni tena. Mzee wa kanisa, Mzee Sifaeli, akainuka na fimbo yake, akamtajia Mwalimu sehemu kwenye makaburi ya kanisa, upande wa misonobari, akasema hapo ni pake, hapatachukuliwa na mtu.

Anaonyeshwa kaburi, na anamkumbatia mzee kwa furaha! Mimi nimeomba nyumba mwaka wa tatu huu sijaonyeshwa hata mlango!

Mama Vitus akaamua kuku walale kwangu mpaka nitakapowajengea banda. Nitakapowajengea mimi. Tupokigwe akachungulia ndani, akasema humu hata angekuwa kuku angetaga mara moja tu, afe kwa baridi. Mwalimu akamwambia karibu nyumba ya mbele, kuna chumba.

Kaenda. Hakugeuka.

Jumanne, 24 Juni

Tupokigwe hajarudi Mbeya. Asubuhi yeye, Mwalimu na Mama Vitus wako bafuni na mawe, wanacheka. Mabanzi naleta mimi. Jikoni bomba linafunguliwa na kufungwa kama linachezewa. Mapazia ameyashona, kwa vipimo vyangu. Yamekaa vizuri sana. Nayaona kutokea nje.

Jana akanikalisha. Akasema kaka yake wa Mbalizi ana karakana ya samani, anatafuta mtu wa mbao, na nyuma kuna nyumba ya vyumba viwili, haina mtu. Akasema twende nyumbani, Asukile.

Nikamwambia haiwezekani. Kuna magogo tumeyapasua nusu, huwezi kumwacha mtu na magogo nusu. Akauliza yakiisha? Nikasema yakiisha yanakuja mengine, hiyo ndiyo kazi. Na msimamizi hawezi kunoa ule msumeno mkubwa bila mimi. Na Mbalizi nani ananijua? Hapa hata mama wa ugali ananiwekea ukoko bila kuambiwa.

Midomo ikaanza kumcheza. Akakimbilia nyumba ya mbele, na mara nikasikia yeye na Mwalimu wanacheka mpaka kuku wakaamka. Sijui wanacheka nini. Nimefikiria sana na sioni kilichochekesha.

Akarudi akasema sawa, naye anabaki, kwa Mwalimu, mpaka nipate nyumba. Mke wangu yuko Mafinga, ukuta kwa ukuta, na bado simpati!

Lakini sijakata tamaa. Nimekaa na ndoo yangu nikatafuta kosa liko wapi, na nimeliona. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa kuku. Safari hii waje na vitu vyepesi: mikeka, vikapu, vitu vya kubebeka mkononi. Halafu iwepo sababu ambayo hata kaburi haliwezi kuishinda.

Mchana nimemvuta Mama Vitus pembeni. Nikamwambia kwa siri kubwa kwamba Mwalimu amepata mchumba Finland na ndoa ni Agosti. Akashika kifua. Nikamsihi asimwambie mtu. Akaapa kwa magoti yake.

Sasa hivi ni jioni. Kwaya imeanza mazoezi ya nyimbo za harusi.