Injini ya Kianjai na Bafu la Mwenyekiti

Jumatatu, 6 Julai 1987

Injini ya kusukuma maji mashambani imefika mtoni! Ya dizeli, silinda mbili. Jumamosi kikundi chetu cha maji kitachagua fundi wa kuitunza. Nani mwingine ila mimi, Koome? Kumbe yuko Cicily, binti wa Embu. Ana cheti cha injini. Mimi nina spana.

Kazi imegawanywa. Yeye afunge pampu, mimi nifunge mabomba ya kupoza injini. Maji yatoke kwenye pampu, yapite tumboni mwa injini, yarudi mtoni yakiwa moto. Moto! Na tunayamwaga bure!

Wazo limenijia.

Jumanne, 7 Julai

Mzee Marete, mwenyekiti wetu, anaumwa mgongo kwa baridi hii. Nimemwambia Ijumaa ataoga maji moto yasiyotaka kuni. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Kura hiyo!

Bomba la kutolea maji nitalipandisha hadi bafuni kwake, juu mlimani. Cicily ameuliza mbona nachimba mtaro kuelekea kwa mwenyekiti. Nimesema nafuata mchwa.

Jumatano, 8 Julai

Bomba la inchi moja limeisha njiani. Nimeunga la nusu inchi, kisha mpira wa kumwagilia maua ya kanisa. Nimeuazima. Kanisa bado halijui.

Cicily anasema bomba la kutolea liwe fupi, pana, mdomo wazi, tuyaone maji yakitoka. Wivu tu! Nimemjibu kwamba maji hayakwenda shule.

Ijumaa, 10 Julai

Aibu!

Tuliwasha saa tatu asubuhi. Kijiji kizima kilikuwepo. Mzee yuko bafuni, amejipaka sabuni. Dakika kumi, hakuna tone. Nikaeleza kwamba mlima ni mlima. Dakika ishirini, harufu ya rangi ya injini inayoungua.

"Koome, zima! Maji hayapiti!" Cicily akapiga kelele.

"Mzee hajaoga!"

Hapo maji yakafika. Kwanza mvuke, kisha kutu. Mwenyekiti akatoka mbio na taulo, povu kichwani. Kwa mbio zile, mgongo umepona.

Cicily akazima. Nikakimbilia ndoo ya maji baridi niiokoe injini. Akaninyang'anya. "Ukimwaga hayo chuma kitapasuka, na maharagwe ya watu yatakauka!"

Mama Kathambi alikuwa kando yangu. Shamba lake la maharagwe limeanza kuwa njano kwa kukosa maji. Hakunitukana. Afadhali angetukana.

Tukangoja injini ipoe yenyewe. Cicily akakata bomba langu kwa msumeno, akaelekeza mdomo wake mtoni. Akawasha. Maji yakatoka, yakamwagika mbele ya macho yetu sote. Pampu ikavuta, mifereji ya mashamba ikajaa. Mama Kathambi akapiga vigelegele. Si kwa ajili yangu.

Jumamosi, 11 Julai

Cicily amechaguliwa. Mikono yote juu, hata wangu. Nilikuwa najikuna kichwa, wakauhesabu.

Kisha akasimama akasema viungo vya mabomba ya Koome havikuvuja hata tone moja, na anataka niwe msaidizi wake. Nimeapa mbele ya wote kutobuni chochote tena.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya ibada nimepita mtoni kuisalimia injini. Bomba la moshi lina joto ajabu! Joto zuri, linapotea hewani.

Nimemuuliza Mama Kathambi kama anaweza kuniazima mayai thelathini. Vifaranga mwanzoni mwa Agosti, bila kuku kuatamia! Nahitaji tu kurefusha bomba kidogo.

Cicily nitamwambia yakishaanguliwa.