Ndege Wekundu Wamehamia kwa Mama Shomari

Jumatatu, 6 Agosti 1984. Bweri, Musoma.

Wankyo kalia tangu alfajiri. Meno. Nimembeba, nimemwimbia, nimemtishia polisi. Wapi! Mwanangu huyu ananyamazishwaga na kitu kimoja tu: wale ndege wadogo wekundu waliokuwaga wanarukaruka uani kwetu. Akiwaona anatoa macho, anacheka, analala. Nami nalala.

Sasa wamehama. Wako upande wa pili wa ua wa manyara, kwa jirani yetu Mama Shomari. Wamejaa! Mume wangu Makongoro anasema ndege wanafuata chakula tu. Mtu anayetoka gizani na kurudi gizani anajua nini habari za ndege? Mtaa mzima tunakunywa chai bila sukari, Mama Shomari ana sukari. Mwenye sukari mwaka huu hashindwi kuwa na dawa ya ndege.

Jumanne, 7 Agosti.

Jana jioni nimemwaga ulezi uani. Kikombe kizima! Ule wa uji wa Wankyo, alioleta mama mkwe kutoka Butiama. Moyo uliniuma, lakini usingizi nao ni chakula.

Asubuhi nikafagia mpaka ardhi ikang'aa, nikamwaga taka penye manyara kama kawaida, nikakaa na mtoto kungoja. Hata ndege mmoja! Kwa Mama Shomari, karamu. Na ulezi wangu hauonekani, hata punje. Mwizi yupo. Simtaji. Anakaa jirani.

Jumatano, 8 Agosti.

Mbinu mpya. Nimeanika shati jekundu la Makongoro, ndege wadhani ni ndugu yao mkubwa. Ukaja upepo wa ziwani, shati likaruka manyara. Hata shati limehamia kwa Mama Shomari!

Jioni kalirudisha. Limefuliwa, limepigwa pasi. Kwa sabuni gani? Sisi wengine tunafulia majani ya mpapai! Anasema, shoga, niliona lina vumbi. Vumbi! Kanitukana kwa adabu. Makongoro akauliza mbona mimi huwa sipigi pasi namna ile. Kala ukoko.

Ijumaa, 10 Agosti.

Jana jioni vikombe viwili. Leo nimefagia mapema zaidi, ndege wasione aibu kuja pachafu. Hola. Wankyo analia, mimi nalia.

Nikaamua kupeleleza. Nikaingiza kichwa kwenye manyara. Tawi likakatika, utomvu ukanirukia jichoni. Mama yangu! Nilipiga yowe, Wankyo naye akapiga lake. Mama Shomari akaja mbio, akaniosha jicho kwa maji mengi, huku mwanangu kamweka kiunoni.

Kwa jicho lililobaki nikaona. Ndege wekundu, kundi zima, juu ya lundo la taka upande wake. Wanakula ulezi! Ulezi wangu! Nikamwambia leo nimekukamata.

Akacheka mpaka akashika manyara, akaachia haraka. Akasema, Mama Wankyo we, jioni ulezi unaumwaga mwenyewe, asubuhi unaufagia mwenyewe, unanisukumia mimi chini ya manyara. Mwizi gani huyo anayepelekewa mpaka kwake? Hebu acha kufagia siku moja tu, mwenzangu.

Niache kufagia! Ili wapita njia waseme mke wa Makongoro mchafu. Ushauri huo mtu anampa adui yake.

Jumamosi, 11 Agosti.

Jicho limevimba kama andazi. Jana jioni nilimwaga kikombe kingine, lakini leo sikuweza kuinama, sikufagia.

Wamekuja! Wekundu kama pilipili iliyoiva, mpaka kizingitini. Wankyo kawacheka, kanyoosha kidole, kichwa kikalala begani kwangu. Kapumua taratibu. Nilimtazama kwanza, mpaka basi. Kisha nimelala mkekani hadi adhana ya mchana. Sijalala hivyo tangu nizae.

Nimewaza sana kilichowaleta. Nimegundua. Ndege wekundu wanampenda mtu aliyefumba jicho moja.

Jumapili, 12 Agosti.

Jicho limepona. Jana jioni nilimwaga ulezi tena. Mama mkwe anakuja kesho. Baada ya misa nimefagia uani, nimefagia na njia, kisha nikakaa na mtoto, jicho moja nimelifumba makusudi. Nimekaa hivyo mpaka shavu likauma.

Hata ndege mmoja! Wankyo kalia mpaka sauti ikakauka. Kwa Mama Shomari, karamu. Na yeye huyo kapaza sauti kutoka kwake: Mama Wankyo, umefagia tena?

Kajuaje? Ananipeleleza!

Nimekata shauri. Leo jioni namwaga ulezi wote uliobaki. Mama mkwe nitamwambia ni panya. Na nimeshafunga ufagio mpya, mgumu, mara mbili ya ule wa zamani. Asubuhi ndege wakija, wasikute hata punje ya uchafu.