Keki ya Kumzuia Muhonja

Jumatatu, 3 Machi 2025
Bwana asifiwe, ingawa sina nguvu. Afisa Muhonja ameomba uhamisho! Akienda, ofisi yetu ya watoto hapa Makongeni itabaki na Bosi Mbugua, Beldina wa mapokezi, na mimi Triza wa chai na usafi. Na Eve je? Mtoto wa miaka minane. Kila afisa ambaye Eve alimsimulia mateso yake alihama. Sasa hufungua mdomo kwa Muhonja tu, na kesi ni wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunuliwa nikipiga deki! Hapa mtu husifiwa siku ya kuagwa tu. Kabla ya hapo ni lawama. Muhonja akisifiwa mapema, si atatulia? Nitaoka keki. Beldina amecheka, eti Mama Triza, kazi inawafukuza watu, wewe unawafuata na unga. Wivu. Keki yake ya Krismasi ilikuwa tofali.

Jumatano, 5 Machi
Nimealika akina mama wa kanisa waje kuimba. Sikueleza mengi. Muhonja alishinda kortini bila kula, akarudi kulia chooni. Nikamwambia kupitia mlangoni Mungu yupo. Akajibu anajua, mama, ila Yeye hakupostiwa kazi hapa Makongeni.

Ijumaa, 7 Machi
Ole wangu! Akina mama wameona keki, soda, na afisa mmoja amekalishwa katikati. Wakaanza wimbo wa kuagana! Wakamfunga leso, wakamwombea safari. Mbugua, asiyependa kupitwa, akasimama akamsifu mpaka akajikausha macho, akamtakia heri aendako. Beldina akalia makamasi.

Muhonja akaninong'oneza kwamba asubuhi alikuwa ameamua kubaki, kwa ajili ya Eve. Nikamwambia basi baki! Akasema nimeshafungwa leso, mama, nimeombewa safari. Jumatatu nitaingia na uso gani?

Jumanne, 11 Machi
Muhonja hakurudi. Tumeazimwa Afisa Kweyu, kijana wa kuvaa tai. Akamwomba Eve aanze mwanzo. Mtoto akageukia ukuta. Hata soda hakuigusa. Kesi imeahirishwa, naye amerudishwa kulekule anakoteswa. Nimelia juu ya ndoo.

Jumatano, 12 Machi
Kweyu ameuliza uhamisho huombwaje. Shetani ashindwe! Lakini nimejua hana mke. Nimetangaza kanisani jioni kwamba anaoa mtaa huu. Mtu aliyechangiwa harusi hahami! Kamati imeshakaa, hata rangi ya gauni imepitishwa. Kweyu hajui bado.