Boma Langu la Karne Ijayo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Redio imesema! Ndani ya miaka mia moja roboti zitalima, taa zitajiwasha zenyewe, na watu watajenga miji juu ya maji. Nilishajua. Mdogo wangu Dalmas amepiga simu tena kutoka nyumbani Kendu Bay, ng'ambo ya ziwa, analalamika kwamba matofali yake yameota majani. Kwetu mdogo hajengi boma kabla ya mkubwa, na mkubwa ni mimi, Enos, wa chumba cha kupanga mjini, Migosi. Yeye na mkewe Debra bado wanalala jikoni kwa mama. Nimemwambia atulie. Ardhi ni mambo ya kizamani. Mimi nitajenga ziwani!

Jumatano, 11 Juni
Nimepata kiwanja Dunga. Bure kabisa! Gugumaji limejaa mpaka ufukweni, zito hata mbwa anatembea juu yake. Perez, muuza samaki, aliniuliza kama najua gugumaji huenda wapi upepo ukigeuka. Nikamweleza habari za sayansi, kwa upole. Akaendelea kuparua samaki.

Ijumaa, 13 Juni
Nyumba imesimama. Kuta za mbao, mitungi ya plastiki chini, sola juu, taa ya kujiwasha. Roboti bado. Baba mdogo, Mzee Oluoch, ameshikilia kwamba boma halihesabiki mpaka jogoo na mke walale humo. Mke wangu Akello amemtoa jogoo. Yeye mwenyewe amekataa katakata. Ati hawezi kulala juu ya majani pamoja na viboko. Basi jogoo atatuwakilisha. Nyumba nimeifunga kwa kamba nene kwenye gugumaji lenyewe. Haiendi popote.

Jumamosi, 14 Juni
Nyumba haipo. Gugumaji halipo! Maji matupu mpaka macho yanapoishia. Perez alinipa chai, na hilo ndilo liliniuma. Akello analilia jogoo. Dalmas nimemzimia simu. Nitamwambia nini? Bila boma langu, hata kibanda hawezi kusimamisha. Leo nimeona aibu, tena aibu ya kweli.

Jumapili, 15 Juni. Kendu Bay.
Mzee Oluoch alipiga simu katikati ya mahubiri. Nyumba imefika! Imekwama kwenye tope la shamba letu, karibu na matofali ya Dalmas, taa inawaka mchana kweupe, jogoo yuko juu ya paa akiwika. Tulipofika na Akello, wazee walikuwa wameshaizunguka.

"Enos, dala yako, boma lako, imekuja yenyewe," Mzee Oluoch alisema. "Mkeo akilala humu leo, kesho Dalmas achimbe msingi."

Akello amekubali, maadamu ni nchi kavu. Dalmas alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nilifurahi, nakiri. Lakini wote wanamshukuru Mungu tu, hakuna anayetaja sayansi! Nyumba imejiendesha bila dereva, ikafika kwetu bila kuuliza njia. Wataalamu wa redio wangoje miaka mia. Mimi nimemaliza wiki hii.

Nimemshauri Dalmas aachane na msingi, anunue mitungi. Ameenda kunoa jembe.

Jioni maji yamepanda kidogo na gugumaji jipya limefika, zito, zuri. Akello ameshaingia ndani na jogoo. Safari hii sitaki makosa. Nyumba nimeifunga kwenye gugumaji kwa kamba mbili.