Sabuni Iliyomkatalia Pasta Povu

Leo nimeaibika, tena kanisani, pasta akiwa shahidi namba moja.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Kathonzweni kilikuwa kinachagua mradi: kufuga kuku au kutengeneza sabuni. Sabuni ni wazo langu. Nimeipigania tangu mavuno, na nilitaka ishinde kuliko nilivyotaka kuolewa. (Mume wangu hayuko kwenye kundi hili ninaloandikia.)

Nyumbani nilikuwa nimeshajaribu. Nilichukua mafuta ya kondoo kwa muuza nyama, nikayayeyusha, nikayachuja, nikayachemsha na maji makali ya majivu huku nikikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Yakikubali, hayabaki mafuta tena, yanageuka sabuni. Yangu yalikubali. Ilitoka laini, nyeupe, ya kuchota kwa kidole, na povu lake nililiona kwa macho yangu.

Nikaitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. (Asiyewahi kufanya hivyo na awe wa kwanza kurusha jiwe.)

Asubuhi nikabeba mikebe miwili inayofanana kama pacha, mmoja wa sabuni, mwingine wa mafuta meupe ya chapati za wageni. Mama mkwe, ambaye ndiye mpishi wetu, akapokea mmoja mlangoni akaingia jikoni. Mimi nikaenda mbele na uliobaki, kuwaonyesha sabuni inavyofanya kazi.

Pasta akatoa mikono. Nikampaka, nikammwagia maji. Akasugua. Akasugua tena.

"Mbona haitoi povu?" akauliza Mama Mutheu, mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeleta wazo la kuku.

"Ni maji," nikajibu. "Hii ya borehole iko na chumvi mingi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hapa kwetu maji ya kisima yameua povu la sabuni nyingi za heshima. Nilijipongeza.

"Basi leteni ya mvua," akasema Mama Mutheu.

Yakaletwa kutoka kwa tangi. Povu, hakuna. Maji yaliteleza juu ya mikono ya pasta bila kuilowesha. Nikasema sabuni ya asili haina haraka. (Sijui maneno hayo yalitoka wapi.)

"Lakini inalainisha," akasema pasta, mtu wa huruma.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea na kikaango kinachofurika povu jeupe hadi kwenye mpini.

"Mama Kyalo, hii mafuta umenunua wapi? Imefura mpaka imezima jiko."

Pasta akanusa viganja vyake taratibu.

"Na mimi nimepakwa nini?"

Kicheko kilianzia kwa mama mkwe mwenyewe, na nilitamani kulia.

Kura ikapigwa papo hapo. Kuku wamepita bila kupingwa, maana hata mimi nilinyoosha mkono.