Vumbi Kwenye Mikono ya Bibi Harusi

Kwa Mheshimiwa Admin,
Kundi la Harusi ya Idil,
Kayole.

Mwanangu Abdifatah,

Assalaam aleikum. Mimi shangazi yako Luul, mchoraji wa mitindo ya hina, nakuandikia kwa heshima zote nilizobaki nazo. Kwanza nakushukuru kwa amri yako kwamba kila picha kundini iwe JPEG, ile inayobanwa ikawa nyepesi, kwa kuwa PNG ni nzito na inakula bando za watu. Matunda yake ni haya.

1. Ua nililomchorea dada yako Idil nililituma PNG, mistari safi. Ulilifuta, ukanikanya mbele ya wakwe, ukaligeuza JPEG. Kila aliyelipokea akalibana upya na kulituma mbele, hadi likamfikia Habon wa Kware, mpakaji wetu wa hina, kila petali ikiwa imezungukwa na vumbi la vidoadoa. Habon ni mwaminifu: alichokiona ndicho alichopaka, vumbi likiwemo. Mama mkwe akauliza kwa upole kama Idil amepona tetekuwanga. Mtoto alikaa harusi nzima mikono ndani ya shela, nami niliumia sana.

2. Skrinshoti ya ramani uliibana kwa huruma hiyohiyo. Nyumba nambari 3 ikasomeka 8. Wajomba wa bwana harusi wakaingia kwa Mzee Mulwa, fundi wa vinyago, wakidhani ndiko kwenu, wakala muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, wakamwombea dua, wakaenda zao. Mpaka leo wanamsifu baba yako kwa kutopenda makuu.

3. Picha zako ukiegemea gari la watu, ambazo JPEG ingezitosha kabisa, unazituma PNG. Simu yangu inaganda, lakini angalau chunusi zote tumeziona.

Kwa hiyo naomba michoro na skrinshoti ziwe PNG, picha za kamera ziwe JPEG. Ukikataa, nitaiomba kamati ya harusi ikubane wewe mwenyewe, kidogo kidogo, hadi siku ya nikahi yako shehe aulize bwana harusi ni yupi. Naomba pia uwatangazie wote kwamba lile ua ni langu, na kwamba halikuwa na vumbi. Sina jina lingine mjini ila la michoro yangu.

Wasalimie nyumbani, na wale wajomba walioshiba.

Ni mimi shangazi yako, wa mistari safi,
Luul Aden

N.B. Habon amenipigia sasa hivi. Wifi yake Idil anaolewa Ijumaa na ameshikilia apakwe ua lilelile lenye vumbi, na kuna mabibi harusi wengine Kware wanaolitaka. Nimejaribu kuwapa PNG yangu, wanasema imekosa kitu. Habon ameshaifuta yake, kwa hiyo tafadhali nitumie JPEG yako, ile iliyozungushwa kundini, na usiisafishe. Wameshaliita Ua la Abdifatah.