Vita Yangu na Birika la Plastiki

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Maishani mwangu sijawahi kuogopa chombo cha jikoni. Uongo! Leo nimeogopa birika. Mpwa wangu, mwenye karakana hii ya ushonaji, kaingia asubuhi na boksi, katoa birika la plastiki, jeupe, jepesi kama kofia. La umeme! Kalijaza maji, kabonyeza, likanguruma kidogo, halafu tap! Likajizima lenyewe. Mafundi wakapiga makofi. Kwa kitu kinachojizima! Mimi najizima kila siku saa nane mchana, na hakuna anayenipigia makofi.

Mpwa akasema mjomba sasa upumzike. Nikamwelewa. Miaka tisa kazi yangu hapa ni kuchemsha chai kwa jiko la mkaa na birika langu la bati, pale pembeni kwa dirisha, ambapo kila umbea wa mafundi lazima unipitie. Chai ikiniponyoka, narudi nyumbani kuchambua maharage na mke wangu kutwa. Mke wangu hana umbea mpya tangu mwaka juzi.

Birika hili litaondoka!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Furaha! Maji yamenuka plastiki! Fundi Sindano, mkuu wa mafundi, ambaye ulimi wake ndio uliompa jina hilo, kanusa kikombe akakunja uso. Nikaidaka nafasi. Nikawahubiria kwamba plastiki ikichemka inaingia kwenye damu, inateremka hadi vidoleni, inagandia humo. Fundi mwenye vidole vya plastiki atashonaje? Wawili wakamwaga chai yao papo hapo. Shule niliishia darasa la nne, lakini sayansi nimezaliwa nayo.

Kisha mpwa kasoma karatasi ya kwenye boksi. Eti birika jipya huchemshwa maji mara mbili tatu, yakamwagwa, harufu ikaisha. Wakafanya. Ikaisha! Sindano akaniuliza kama anifinye sikio, nipime mwenyewe kama vidole vyake vimekuwa vya plastiki.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sindano kanipa silaha kwa mkono wake! Kawaonya wenzake wasiache kifuniko wazi, maana mvuke usipobanwa ndani birika halijui kujizima. Halijui! Walipokwenda kula nikatia maji kikombe kimoja, kifuniko wazi, nikabonyeza, nikajificha nyuma ya meza ya pasi kusubiri maafa. Likachemka! Mvuke ukajaa kama bafuni! Maji yakakauka! Nikafumba macho...

Tap.

Kumbe lina kitu huko chini kinachohisi kwamba limekauka. Lina akili kuliko shemeji zangu wote.

Mpwa alipoingia akafurahi kupita kiasi. Yaani ni salama hata mjomba akisahau! Na ule mvuke ulikuwa umenyoosha mikunjo ya gauni lililoning'inia juu yake. Sindano ameomba nirudie, ana sketi mbili zaidi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

USHINDI! Nilifika kabla ya wote. Kwenye kisahani cha Sindano nikakuta vifungo vyekundu kumi na viwili. Nikavitumbukiza birikani. Alipomimina chai ya asubuhi, maji mekundu! Akapiga ukelele, vyerehani vyote vikasimama. Plastiki inayeyuka! Birika ni jeupe, maji ni mekundu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mimi nikasema kwa upole tu kwamba nilisema. Mpwa akalichomoa. Nikawasha mkaa, nikapuliza, nikawapa chai ya bati langu. Wote wamekunywa! Mmoja kanibusu kipara! Kutwa nimetembea humu ndani kifua mbele, kigoda changu dirishani, umbea wa siku tatu nimeufidia wote.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mteja kaja kuchukua koti. Vifungo hakuna. Sindano kapekua droo, sakafu, hadi mifuko ya suruali yangu nikiwa nimeivaa. Wakati huohuo mpwa kalibeba birika akalitupe. Ndani kukalia kocho, kocho. Kaligeuza. Vifungo kumi na viwili mezani, vimepauka kama ufizi wangu.

Wakanitazama. Nikakohoa. Nikasema labda limetaga.

Hakuna aliyecheka. Mpwa akasema, tena polepole, na polepole yake ndiyo mbaya, kwamba nisimchemshie hata maji ya kuoga. Mafundi nao, ingawa wameujua ukweli, wamelikataa katakata birika lile. Mahubiri yangu yamewakaa! Kwa hiyo karakana inanunua la umeme la chuma. La plastiki nimepewa niende nalo nyumbani. Mimi na lenyewe, tumefukuzwa pamoja.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nyumbani. Maharage nusu gunia. Lakini birika hili! Jepesi! Ubavu wake hauunguzi mkono! Plastiki haina neno kabisa, nimempa mke wangu somo zima. Hatari ni chuma. Chuma kinaunguza. Chuma kinashika kutu, kutu inaingia kwenye damu, inateremka hadi vidoleni. Mpwa anadai hicho cha kwake hakishiki kutu. Tutaona!

Fundi Sindano, jioni hii nakuja kuchukua kigoda changu, na daftari hili nitalisahau juu ya cherehani chako. Najua utalichungulia. Mwaka jana panya alipokupandisha juu ya meza ya kukatia, nani alimfukuza? Na nani hajamwambia mtu hadi leo? Basi nilipe wema huo. Jumatatu, mkienda kula, niachie mlango wa nyuma bila komeo. Dakika tano tu, mimi na hilo birika la chuma.